Vikombe Viwili vya Jirani

3 Machi

Shikamoo Baba. Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila chumba hiki kimya mno. Tangu Ijumaa sijaongea na mtu mzima nje ya shule.

Leo nimefundisha maji. Nikawaambia wanafunzi baba yangu dobi aliyajua kabla ya vitabu: huyeyusha chumvi, sukari, jasho la kola, karibu kila kitu. Ndiyo maana damu inaweza kubeba chakula, na figo zikatoa uchafu kwa mkojo. Kwa hiyo usinifanyie ubishi, kunywa lita mbili kila siku.

Binti yako

19 Machi

Marahaba, mama. Mimi mzima kama chuma. Pasi tu siku hizi naiona nzito.

Nina swali. Kuna jirani yangu hapa, figo zimegoma. Daktari kampa vikombe viwili kwa siku, basi. Anauliza, kama maji ni uhai, mbona kwake yamegeuka sumu? Juzi kiu ilimzidi akanywa jagi zima, miguu ikavimba hadi viatu vikakataa. Mjibu polepole, ana kichwa kigumu.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba. Mpe pole jirani. Maji si sumu, yamekosa pa kutokea tu. Yanajaa miguuni, mwisho kwenye mapafu, na hapo si mchezo. Apunguze chumvi, ndiyo inayoleta kiu. Akizidiwa anyonye kipande cha barafu, lakini akihesabu humo humo kwenye vikombe vyake.

Ila Baba, jirani gani? Kushoto kwako ghala, kulia ukuta wa kiwanda. Wewe huna jirani.

Binti yako

16 Aprili

Baba, shikamoo. Hujajibu. Leo nilianza kueleza figo nikashindwa, nikawapa zoezi nikatoka nje kulia. Umenikasirikia?

Binti yako

30 Aprili

Marahaba, mama. Anaandika muuguzi hapa hospitali, mkono wangu umevimba.

Ndiyo, jirani ni mimi. Kazi hiyo ya ualimu umeihangaikia miaka sita. Ningesema, ungeiacha uje kunipimia maji. Halafu, usinicheke, yule jirani nilimzoea. Nikikaa na kikombe changu nilikuwa namsemesha, angalau tuko wawili. Ulipoandika kwamba hayupo, nyumba ilinishinda.

Kiu naivumilia. Upweke siuwezi tena, mwanangu. Muuguzi anasema maji yamefika kwenye mapafu.

Njoo. Usingoje shule zifungwe.

Baba yako