Somo la Saba Sikulisikiliza

Alhamisi. Mvua imenyesha hapa Munyaka tangu asubuhi, ile nyembamba isiyoisha, na baridi imeingia mpaka kwa mifupa. Nimerudi kutoka mji wa Burnt Forest na viatu vizito kwa matope. Chai iko hapa, imepoa. Sina hamu nayo.

Mnaonisoma hapa mnanijua. Mimi ndiye niliyewaandikia kwamba niliwahi kuendesha trekta kutoka Kitale bila breki, nikiisimamisha kwa kuipandisha vilima. Trekta ilikuwa na breki. Na haikutoka Kitale. Leo wacha niseme tu ukweli, kwa sababu kuna jambo linanikaba.

Shule niliachia darasa la saba. Hiyo sijawahi kudanganya, na ndiyo ilinifanya nianze hizi kozi za bure za kwenye simu. Nilianza vizuri. Nilisoma ya kupiga picha, nikasoma ya kuandika barua za biashara, na zilinifungua macho kweli. Mtu wa miaka hamsini na mbili anajifunza kitu kipya na hakuna mtu darasani wa kumcheka! Nilikuwa na furaha ya mtoto.

Kisha nikaonja utamu wa vyeti.

Kozi ya tatu ilikuwa ya kupanga kurasa: vijitabu, mabango, kadi. Masomo kumi na mawili. Sasa mimi nina posho mill ya kusagia watu mahindi, na mashine ikishawaka, hata nyumba ikiungua nyuma yangu sisikii. Nilikuwa naweka simu juu ya gunia, naacha video ijichezee, naendelea kusaga. Video ikifika mwisho, kozi inaandika kwamba nimemaliza somo. Maswali nilikuwa nabahatisha, nikikosa narudia mpaka yakubali.

Somo la tatu hadi la kumi na moja sikusikia hata neno moja.

Cheti kilikuja na majina yangu yote matatu. Nilikifunika plastiki, nikakitundika kwa ukuta wa mill, na kila mama aliyeleta mahindi nilimwambia kuna kampuni za Nairobi zinanitafuta. Hakuna kampuni.

Mwezi uliopita jirani yangu wa miaka mingi, Mzee Simiyu, alifariki. Mjane wake, Mama Wafula, akaja mill, akakiangalia kile cheti, akasema, "Shemeji, kijitabu cha mazishi tengeneza wewe. Mzee alikupenda." Akanipa karatasi aliyoandika kwa mkono wake, pamoja na picha ya familia ya Krismasi.

Ningesema sijui. Nilisema, "Mama, hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

Nilikaa kwa saiba, pale kwa kompyuta za kukodi, nikachukua kurasa zilizopangwa tayari na mtu mwingine, nikajaza. Visanduku vyake vya kuweka maandishi na picha vilikuwa vidogo. Picha haikuingia, nikaikata upande. Orodha ya watoto nikaandika, nikaona imekaa vizuri, nikasema wachape. Sikuhesabu.

Na huku kwetu kijitabu cha mazishi si karatasi ya kupepea nzi. Kinawekwa kwa sanduku pamoja na hati ya shamba. Siku ya kwenda kwa chifu kuandikiwa barua ya warithi, hicho ndicho wazee hutoa wakiuliza watoto wa marehemu ni akina nani.

Watoto ni watano. Kijitabu changu kilikuwa na wanne.

Nekesa, kitinda mimba, yeye aliyemwogesha baba yake miezi yote ya ugonjwa, hakuwemo. Kwa picha vilibaki vidole vyake tu, kwenye mgongo wa kiti cha mzee.

Pale kaburini, aliyeongoza programu aliita watoto waje kuweka maua, akisoma jina moja moja. Wafula. Nasimiyu. Barasa. Naliaka. Akafunga kijitabu. Nekesa alikuwa amesimama na maua yake mkononi, akingoja. Nilimwona akigeuza kurasa, mbele, nyuma, tena mbele.

Alinifuata kabla watu hawajakula. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni mimi niliyesahau. Alikuwa ananifungulia mlango, na mimi nikaufunga.

"Mimi niliandika nilivyopewa," nikamwambia.

Nilivyopewa na nani? Na kaka zake, bila shaka. Hivyo ndivyo alivyoelewa, na nilijua ndivyo atakavyoelewa, maana tayari walikuwa na maneno juu ya kipande cha shamba. Jioni hiyo alimwambia Wafula mambo ambayo siwezi kuandika hapa. Akarudi Burnt Forest anakouza viazi, na tangu siku hiyo hashiki simu ya mtu yeyote wa kwao. Mama Wafula bado analeta mahindi kwangu. Ananiuliza mimi, "Shemeji, ni nani alimtoa mtoto wangu?" Natikisa kichwa, naendelea kumimina.

Jana stima ilipotea. Mill kimya. Nikafungua simu, nikasikiliza somo la saba.

Mwalimu ni mama mmoja mpole. Alisema maneno yakizidi kisanduku, yale ya mwisho hayafutiki, yanajificha tu. Lazima upanue kisanduku, halafu ulinganishe kila jina na karatasi ya mwenye kazi. Yote hayo dakika nne. Nikaitafuta karatasi ya Mama Wafula. Namba tano: Nekesa. Na nilikuwa nimeliandika, nakumbuka vidole vyangu vikiliandika. Lilikuwa pale chini muda wote, na mimi fundi mwenye cheti sikujua pa kuangalia.

Basi leo nikaenda.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia, akijazia mteja ndoo. "Anko! Umefuata viazi ama umefuata mimi?"

Nikaanza. Nikamwambia kompyuta za pale saiba zina virusi, kwamba hata vijitabu vya pasta mmoja wa Kimumu vilitoka bila...

"Anko," akanikatiza. "Bila hadithi."

Mteja akaondoka na ndoo yake. Nikaanza mara ya pili, nikasema yote. Yalikuwa mafupi sana. Sikujua dhambi kubwa hivyo inaweza kusemwa kwa pumzi moja.

Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alichagua viazi vibovu, akavitupa kimoja kimoja kwenye matope. "Nimemtukana Wafula mbele ya watoto wake," akasema. "Mama nimemkatia simu." Kisha: "Jumapili nakuja nyumbani. Na wewe uje. Uwaambie vile umeniambia mara ya pili, si ile ya kwanza."

Nikasema nitakuja. Hakuniaga.

Nimekaa hapa tangu nirudi, nimeandika sentensi tatu. Jina la Nekesa lilikuwa kwenye karatasi ya mama yake. Mimi ndiye niliyelipoteza, kwa sababu nilijisifia kazi nisiyoijua. Ndugu zake hawakuhusika, na nilipoulizwa nilidanganya.

Kila nikizisoma mkono unataka kuongeza. Kwamba siku ile nilikuwa na malaria. Sikuwa na malaria. Kwamba mwenye saiba alinihimiza. Hakunihimiza, alinipa hata kiti chake.

Jumapili iko karibu. Nitaweza kusimama mbele ya Mama Wafula, niziseme hizo tatu, kisha ninyamaze?