Kiingereza Kisicho na Jana

Jumatatu, 3 Julai 1978
Go, goes. Eat, eats. Yale yale tena. Mkwe wangu, Mama Kulwa, ameketi nje ya mlango, mgongo kwangu, anachambua pamba: safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Mkwe hamtazami baba mkwe usoni, kwa hiyo tunasomea mlangoni. Mimi nauliza kutoka kitandani, yeye anajibu akiutazama ua. Hakosei. Nimemwambia hajaiva.

Jumanne, 4 Julai
Miguu imevimba. Nimekaa, nimelala, nimekaa tena. Hakuna ubavu unaonipa raha.
Jumamosi anakwenda hospitali ya Kolandoto kusailiwa. Kozi ya wauguzi wasaidizi, na maswali ni ya Kiingereza. Akifaulu atahamia huko na watoto wake pacha. Mwanangu, mumewe, yuko kwenye machimbo ya dhahabu Geita, salamu haziji. Uji wangu nani atapika?

Jumatano, 5 Julai
Ameniuliza bila kugeuka: "Baba, hiki Kiingereza chako kina leo tu? Jana hakina?"
Nikamwambia asiwe na haraka.
"Haya. Nitawaomba wanisubiri mpaka mvua zinyeshe."
Jirani yetu Mama Shija, aliyekuja kuomba chumvi, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 6 Julai
Niandike wazi, maana daktari hakunificha. Sina muda mrefu. Nimefundisha maisha yangu yote, sikuwahi kumrudisha nyuma mwanafunzi. Huyu namzuia. Tangu pamba ianze kuvunwa namzungusha kwenye vitenzi vile vile, kwa sababu naogopa kufa katika nyumba isiyo na mtu. Mdomoni namwita mkwe mwema. Moyoni nimemfunga kamba kama ndama. Naona aibu. Hofu ni kubwa kuliko aibu.

Alhamisi, jioni
Nimemwambia. Nilisema upesi, nisije nikayameza. Mikono yake ikasimama juu ya pamba. Nilitamani anitukane. Uso wake sikuuona, na kwa mara ya kwanza niliichukia desturi ile.
Hatimaye akasema, "Kesho sichambui pamba. Baba anywe uji mapema. Tutaanza na jana."

Ijumaa, 7 Julai
Went. Ate. Bought. Held. Haya hayana kanuni, yanamezwa tu kama kwinini. Mchana sauti yangu ilikatika. Nikanong'ona, akasogeza kigoda mpaka kizingitini. Alikosea, akajikemea, akarudia. Mara moja akajisahau, akageuka kunitazama. Bado ana hasira. Ana haki.

Jumapili, 9 Julai
Alirudi jana jioni, akapiga magoti akaamkia, kisha akaanza kucheka.
"Waliniuliza nilifanya nini jana yake. Nikawaambia nilisomeshwa na baba mkwe mgonjwa, asiye na sauti."
"Kwa Kiingereza?"
"Kwa Kiingereza, Baba. Wakacheka, wakaniandika."
Sikulala vizuri. Nilifurahi, kisha nikaogopa, kisha nikafurahi.

Jumatatu, 17 Julai
Ameondoka asubuhi na watoto. Alishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Baba." Hakuongeza neno.
Kigoda chake kiko pale pale nje ya mlango. Nyuzi za pamba zimenasa kwenye mguu mmoja. Mama Shija alitaka kukifuta na kukiingiza ndani. Nikamkataza.
Uji wa Mama Shija una maji mengi. Naunywa.