Mchanga wa Moa Uliomwagika Juani

Shangazi Mwanakombo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nitakuanzaje bila salamu, wewe uliyenilea?

Naandika nikiwa Chumbageni. Kuna jambo nilishindwa kukwambia ulipokuwa hai.

Unakumbuka nilipokuja Moa na mwalimu wangu wa chuo, tukachimba shimo shambani kwako, pale penye vigae vya vyungu? Ulikuwa ukimwambia kila mtu kwamba bibi zako walifinyanga hapo tangu zamani sana. Tukapigilia bomba ukutani mwa shimo, tutoe mchanga uliofukiwa pamoja na vigae bila jua kuuona. Ukauliza, "Mbona mwauficha, kwani mwari?" Tukacheka. Nikakueleza kwamba mchanga ukikaa gizani hujiwekea mnururisho, yaani nguvu ya mionzi ya ardhini, kidogo kidogo, na maabara huupima kwa mwanga unaoutoa, ikajua umefukiwa tangu lini. Jua likiugusa, hesabu yote hufutika.

Sasa sikia. Nikilipeleka bomba garini, liliniponyoka. Kifuniko kikatoka, mchanga ukamwagika juani. Mwalimu alikuwa bado shimoni. Nikauzoa kwa mikono, nikafunga, nikanyamaza. Niliogopa kuitwa mzembe.

Majibu yakaja: mchanga wa juzijuzi tu. Na ni mimi niliyekusomea, barazani, mbele ya majirani. Mmoja akasema, "Kumbe Bi Mwanakombo atudanganya miaka yote hii!" Hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi. "Basi huenda nilisikia vibaya," ukasema.

Hukuwasimulia tena wajukuu habari za vyungu. Nami nilijua. Miaka miwili nilijua, huku nakula wali wako.

Ulipofariki nilijificha jikoni, nisionekane nikilia. Baada ya arobaini nilimwendea mwalimu, nikamwambia. Akasema, "Twende tukachukue upya." Majibu yametoka jana. Mchanga ule haukuona jua kwa karne nyingi. Ulisikia sawasawa, Shangazi. Sawasawa kabisa.

Binti yako Zuhura kafurahi mno. Anadhani mara ya kwanza ilikosea mashine. Kwenye simu aliniita "mtaalamu wetu," nami nikaitika. Nikaitika, Shangazi!

Ijumaa nakwenda Moa. Nitamwambia Zuhura kwanza, kisha majirani, nyumba kwa nyumba, kwamba ulisema kweli na mwongo nilikuwa mimi. Akinifukuza, nitaondoka bila neno. Msamaha sikuombi leo. Nitauomba kaburini kwako, nikishasema.

Mola akulaze pema.

Mwanao,
Rehema