Usimpe Salimu Radhi

Maskati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai miguu imepunguza kuvimba, na dawa za Msambweni unazimeza, si kuzipanga kabatini. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Moyo ndio unaowaka, na sitakuficha.

Kaka Omari ameniambia kwamba Salimu, yule wakala aliyetuleta huku, anakwenda Hija, na sasa anapita Kinondo nyumba hadi nyumba akiomba radhi kwa watu aliowakosea. Yeye! Kwani anadhani Makka ni kwa dobi? Kwako atafika pia, na mimi nakujua. Utalia, kisha utasema, "Nimekusamehe, baba, nenda salama." Nakushika miguu, Mama, usimpe.

Ulikuwepo alipotuapia pale barazani kwamba mimi na mdogo wangu Mwanasha tutafanya kazi mji mmoja, tuonane kila Ijumaa. Tulipofika tu, Mwanasha akatiwa garini akavushwa mpaka, nchi nyingine kabisa, nami nikaambiwa ninyamaze. Kisha tukaletewa habari ya homa, na kwamba ameshazikwa. Hukumwosha mwanao, wala uso wake hukuuona.

Juzi mabosi wangu walikwenda nchi hiyo kwa wakwe zao, wakanichukua niwaangalie watoto. Nikamtafuta Mama Riziki wa Bongwe, aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani na Mwanasha. Alinieleza yote, nami nikamrekodi kwa simu. Mwanasha aliumwa, akanyimwa hospitali. Alimpigia Salimu, Mama Riziki akiwa pembeni anasikia. Salimu akamjibu, "Vumilia, mwanangu, mkataba haujaisha." Alipopiga tena, simu imezimwa. Mwenyezi Mungu amlipe, na amlipe hapa hapa duniani nikiona!

Tukaenda makaburini. Mlinzi akasema wanawake hawaingii, nikaingia. Mama, ni mchanga na mawe tu, hakuna jina hata moja. Nilizunguka nikirekodi, nikimwita kwa sauti kama mwendawazimu. Mwisho nikasoma Fatiha nikigeuka kila upande, nisije nikamkosa.

Mama Riziki anarudi nyumbani akipitia hapa Maskati, nampa barua hii na kadi yenye hizo video. Omari aitie kwenye simu yake.

Msalimie shangazi muuza mihogo, na bibi mzaa baba, mwambie shuka lake nimelipata. Mke wa Omari nampa hongera ya mtoto.

Salimu akija, mkaribishe mkekani, usimtukane. Omari amwekee video, na asiondoke mpaka aione yote. Ikifika makaburini, isimamisheni, umwambie, "Nioneshe la Mwanasha ni lipi." Akilijua, mpe radhi yako, na yangu mpe. Asipolijua, mfungulie mlango, aende Makka hivyo hivyo.

Ni mimi, binti uliyebakiwa naye,
Mejumaa