Tangazo la Siku Kumi

Jumatatu, 17 Januari 2011

Nimeweka tangazo la kazi mtandaoni kabla hata ya kuvua koti. Fundi cherehani, vitambaa vizito, maturubai ya mashua na ya kivuli mbele ya maduka. Likae wazi siku kumi, kwa watu wa Uswidi na Ulaya yote. Baada ya hapo ndipo mwajiri anaruhusiwa kumwombea mgeni kibali.

Mgeni mwenyewe tunaye tayari. Wanyonyi, mshona mahema wa Nairobi. Bosi wangu Lennart alilala kwenye hema lake alipokwenda Kenya kutazama wanyama. Akarudi hapa Sundbyberg na picha za mishono, si za simba.

Sijawahi kumjazia mtu kibali cha kazi. Mimi niliingia nchi hii kwa mlango wa wakimbizi. Karatasi za mlango huu ni ngeni kwangu pia.

Jumatano, 19 Januari

Fomu ya ahadi ya kazi. Cheo, saa, bima, mshahara usio chini ya ule wa mkataba wa chama cha wafanyakazi. Chama nacho kinapaswa kutoa maoni. Nimesoma maelezo mara tatu. Naogopa kukosea kisanduku kimoja na kumharibia mtu maisha.

Nimempigia Wanyonyi anitumie nakala ya pasipoti. Kiswahili chake cha Kenya, changu cha Bukavu, tumeelewana. Ananiita dada Espérance. Mtu wa kufikiri kwanza, kisha kusema. Ameuliza baridi ikoje. Nimemwambia ukweli.

Mwishoni akasema, kama jambo dogo, kwamba ameshamuaga tajiri wake. Cherehani yake amepewa mtu mwingine. Nimemwambia ni mapema mno, kibali chaweza kuchukua miezi. Akasema Lennart alimpa mkono kwamba kazi ni yake.

Sikupenda.

Jumanne, 25 Januari

Yamekuja maombi machache, watu ambao hawajawahi kushika sindano. Leo limekuja jingine. Byamungu. Nimesoma jina mara mbili.

Ni papa Byamungu, mzee wa kwetu anayekaa Rissne, tunaimba naye kwaya. Namjua kama mtu wa kufagia vituo vya treni. Miaka minane sasa. Kumbe Bukavu alikuwa na karakana yake, alishona viti vya magari na maturubai ya malori. Barua ameandika binti yake, Kiswidi safi cha shule. Chini yake papa ameongeza mstari mmoja kwa mkono wake, una makosa: naweza kuonyesha.

Nikaifunga. Nikaifungua tena.

Jumatano, 26 Januari

Nimempa Lennart barua. Hakuisoma hadi mwisho. Sheria inataka tangazo, amesema, haitulazimishi kumwajiri anayeomba. Ni kweli, nimehakikisha. Niiweke kwenye faili.

Nimeiweka. Nikajisikia mwepesi, maana uamuzi si wangu.

Jioni nikirudi nyumbani Hjulsta, treni iliposimama Rissne niliinamisha kichwa nisije nikamwona papa kituoni. Mtu asiye na kosa hainamishi kichwa.

Alhamisi, 27 Januari

Siku ya mwisho ya tangazo. Sikuweza kufanya kazi.

Wanyonyi ameacha kazi kwa ajili yetu. Papa Byamungu amejibu tangazo letu. Hakuna mwenye kosa kati yao. Najiuliza kama namtetea papa kwa kuwa ni wa kwetu. Ndiyo, kwa sehemu. Kwa sehemu nyingine ni kwamba tangazo lilisema njoo, naye amekuja.

Baada ya chakula cha mchana niliingia kwa Lennart. Nikamwambia: "Kama tangazo lile lilikuwa la uongo, basi mwongo ni mimi, maana nimeliandika mimi. Mwite mara moja tu."

Alikasirika. Lennart akikasirika hupanga kalamu mezani. Alipomaliza kuzipanga akasema: Jumatatu, nusu saa.

Jumatatu, 31 Januari

Papa amekuja na suti ya kanisani.

"Mama Aline, kumbe wewe ni wa hapa!"

Hakujua. Nimefurahi hakujua.

Lennart akampa kona ya turubai la mashua, pale kitambaa kinapokunjwa mara nne na sindano huvunjika. Papa akavua koti la suti, akapapasa kitambaa kwa kidole gumba, akalegeza uzi wa juu. Hakuuliza kitu. Akashona polepole, akigeuza gurudumu kwa mkono penye unene. Lennart akaichukua kona, akaipindua, akaivuta kwa nguvu zote.

Akamuuliza kwa nini amefagia miaka yote hiyo.

"Niliomba kazi," papa akasema. "Hawakuniita."

Nusu saa ikawa saa mbili nzima.

Jumanne, 1 Februari

Lennart ameamua. Papa. Nafasi ni moja na papa yupo hapa, aweza kuanza wiki ijayo. Kisha akaniomba nimpigie Wanyonyi mimi, kwa kuwa tunasikilizana lugha. Nilimchukia kwa dakika kadhaa. Nikapiga.

Nikamwambia yote, pamoja na kwamba aliyeomba huyo mwingine aitwe ni mimi. Nilisikia magari ya Nairobi.

"Hilo la mwisho ungelinyamazia, dada," akasema.

"Najua."

"Huyo mtu, anashona poa?"

Nikasema ndiyo.

"Sawa. Basi mniandikie barua. Nataka tajiri wangu aone sikumdanganya."

Nimeiandika mwenyewe kwa Kiingereza, kwamba kampuni ilimwahidi na kampuni ndiyo iliyobadili nia. Lennart aliisoma, akawa mwekundu, akatia sahihi bila kufuta neno. Nimelia chooni. Nimenawa uso nikarudi mezani.

Alhamisi, 3 Februari

Nimemweleza binti yangu Aline habari yote wakati tunapika. Ana miaka kumi na mitano, hujibu kwa Kiswidi hata nikimsemesha Kiswahili. Ameuliza kama nilifanya vizuri. Nimesema sijui. Akaendelea kumenya viazi.

Jumatatu, 14 Februari

Theluji tangu asubuhi. Papa Byamungu yuko wiki ya pili. Ameomba taa zaidi juu ya cherehani, amepewa.

Wanyonyi ameandika. Tajiri wake amemrudisha, ila si kushona. Cherehani ina mwenyewe sasa. Anakata vitambaa na kubeba marobota. Hakulalamika. Ameuliza hali ya familia yangu.

Nimemjibu kwamba hatujambo.

Saa ya kahawa papa alikuja kukaa nami. Amesema mke wake anataka kutualika Jumapili baada ya ibada, kusherehekea kazi. Nimesema tutakuja. Hajui habari ya Nairobi. Sitamwambia.