Mdaka Risasi na Komeo la Mama

Lizaboni, Songea
8 Machi 1998, Jumapili ya Pili ya Kwaresima

Mdogo wangu mpendwa Thadei,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo uliyoiweka kwenye barua yako nimeipokea, marahaba mara mia. Wifi Dorine hajambo? Na kikohozi cha mtoto kimeachia, au joto la Dar es Salaam ndilo linalokirudisha? Kila Jumamosi kwenye jumuiya yetu tunawataja, na mama akisikia majina yenu huitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Huku tupo, Mungu anatubeba. Mvua za mwaka huu ni za kusimuliwa. Ukuta wa choo umeanguka upande mmoja, mahindi ya bondeni yameozea shambani, na barabara ya Njombe habari zake nadhani unazisikia redioni. Shemeji yako Beda mgongo unamsumbua lakini anatembea. Mama hajambo. Narudia, maana hilo ndilo lililonishikisha kalamu: mama hajambo kabisa. Anakula, analala, hata shingo imejaa.

Barua yako nimeisoma nikaketi chini. Unasema unakuja Pasaka, na kwa kuwa kanda ile ya Krismasi ililowa njiani, umepata nyingine na safari hii utaibeba mwenyewe, kwenye mfuko wa nailoni, juu ya magoti. Thadei, kabla hujakata tiketi nisikilize dada yako. Sijui nianzie wapi. Acha nianze na hao watu wako wa kwenye kanda.

Ulipotuletea televisheni na deki mwaka juzi ulisema ni za kumpunguzia mama upweke. Hukujua utajaza uwanja mzima. Siku umeme ukiwapo, sebule haitoshi, wengine wanachungulia dirishani. Kiingereza anatutafsiria mzee Pankrasi, yule karani mstaafu wa ghala la tumbaku, na wewe unajua Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabu marobota. Majina halisi ya wale watu saba wa kwenye kanda zako yalitushinda, tukawapa ya kwetu. Mkubwa wao, mwenye ndevu na saa ya mnyororo shingoni, ni Mzee Saa. Bila yeye lile gari lao lisilo na magurudumu haliwezi kuingia mwaka wa jana wala wa mababu. Yule mama mnene anayenyanyua lori kama mtu anayenyanyua mchi tumemwita Mama Kinu. Binti anayewaka mwili ni Karabai. Wako wale mapacha, mmoja akiumia mwingine ndiye anayelia. Yuko mwembamba anayebadili sura, huyo ni Mnafiki, na wanawake wa jumuiya wanamzomea kabla hajafungua mdomo. Wa saba ni yule kijana mweusi, mrefu, anayedaka risasi kwa viganja. Mdaka Risasi.

Wewe uliondoka mdogo, huenda ulisahau. Kaka yetu Otto alikuwa mrefu vile vile, na kila akiingia ndani alikuwa anainamisha kichwa upande wa kushoto kuikwepa boriti ya mlango. Siku aliyokwenda vita ya Uganda alisahau kuinama, akajigonga, akacheka, akaondoka anashika paji la uso. Ndiyo mara ya mwisho. Huyo kijana wa kwenye kanda naye huinama hivyo hivyo akiingia kwenye gari lao. Mara ya kwanza mama alipomwona aliweka chini bakuli la maboga, hakuligusa tena.

Toka siku hiyo hakuwa na wengine. Akawa anamuuliza Pankrasi, hawa watu wenye gari la kurudi nyuma, mbona wanahangaika na wafalme wasiowajua, kwa nini wasiende kuwachukua watu wa kwao waliopotea? Pankrasi akamwambia iko sheria, Mzee Saa amekataza mtu kugusa siku zilizopita za nyumbani kwake. Mama akamjibu kwamba sheria hiyo aliitunga mtu asiyezaa.

Unajua tulivyoishi, Thadei. Miaka kumi na minane. Hatukuletewa mwili, hatukuletewa hata kiatu, basi mama akakataa matanga yasiwekwe, maana matanga ya nani? Kila Novemba tukiandika karatasi ya majina ya marehemu kupeleka kanisani, naandika baba, naandika babu, naandika mama mkubwa, nikifika kwa Otto ananishika mkono. Na mlango wa mbele haukufungwa komeo hata usiku mmoja, asije akafika akakuta kumefungwa akadhani tumehama. Tumeibiwa sufuria mara mbili, tumeibiwa na jembe. Mama alisema vitu vinanunulika.

Sasa Oktoba ikaja ile kanda. Nilikuandikia juu juu tu, sikukueleza vizuri. Wale saba walikuwa wamekwenda nchi ya barafu, mabunduki yanalia, na Mdaka Risasi akasimama mbele ya wenzake akidaka na kudaka mpaka viganja vikajaa. Ya mwisho ikampata kifuani. Lile gari likawa linataka kuondoka, muda wao unakwisha, wakamwacha pale pale kwenye barafu. Hawakumbeba. Mama akasimama, akasema, “Basi. Sasa nimeona.” Akaniomba mkasi.

Mzee Pankrasi aliruka kumweleza kwamba ni maigizo, kwamba yule mtu saa hizi anakunywa chai kwao Ulaya. Mama alimtazama kwa huruma, akamwambia anajua ni mchezo, hana wazimu. Lakini miaka yote hii watu wanamwambia Otto amekufa na hakuna aliyewahi kumwonyesha ilivyokuwa. Nikamnyoa mwenyewe, Thadei. Nywele zote zimekuwa nyeupe, mimi nilikuwa sijui kwa sababu ya kitambaa.

Tukatandika mkeka nje. Siku ya kwanza walikuja wa kucheka, kwamba ukoo wetu unaweka matanga ya mtu wa kwenye kioo. Siku ya pili wale wale wakaja na unga na kuni. Siku ya tatu akatokea Swalehe, fundi redio, yule Myao wa Tunduru, na kwa kuwa ni mtani wetu hakuna wa kumzuia. Mfupi yule! Alikuwa amesimama juu ya makopo mawili ya mafuta aliyoyafunga kamba miguuni, amevaa koti la Beda, akaja anayumba mpaka mlangoni, akajigonga kwenye boriti, paa! Akapiga kelele kwamba yeye ndiye Otto, amechelewa kidogo kwa sababu ya foleni ya kivuko, na ule ugali aliouacha mwaka wa sabini na nane kala nani, nyie Wangoni wachoyo, mnamlilia mtu na chakula chake mmemaliza? Mama alicheka. Sijamwona akicheka vile tangu baba akiwa hai. Alicheka akishika mbavu, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, kile cha sauti, ambacho hatukuwahi kukisikia mwaka ule wa vita. Swalehe akashuka kwenye makopo yake, naye analia, watani wa ajabu.

Hivyo ndivyo tulivyovunja matanga ya miaka kumi na minane. Niliogopa ni dhambi, nikaenda kumuuliza Padre. Akasema Mungu aliwahi kusema kwa kinywa cha punda wa Balaamu, televisheni itamshinda nini? Novemba mama mwenyewe akaniambia, andika. Nikaandika: Otto. Na jioni hiyo akainuka, akachukua komeo lililokaa nyuma ya mlango tangu enzi za baba, akalitia. Nilisikia mbao inaingia kwenye tundu lake, nikasema ahsante Bikira Maria, imekwisha.

Haikwisha, mdogo wangu.

Wiki moja kabla ya Krismasi konda wa basi aliniletea kifurushi chako. Kanda na barua. Mama akakaa nimsomee, nikamsomea salamu, nikamsomea habari za kibanda chako cha mitumba, halafu nikafika kwenye ule mstari wako: mwambieni mama asilie tena, jamaa yake amerudi, ataona mwenyewe. Ule mstari niliuruka. Nikasoma salamu za mwisho, nikakunja karatasi. Mama akauliza kanda je. Nikamwambia imelowa. Watu wa dirishani nikawaambia imelowa. Na wewe nikakuandikia imelowa, tena nikaieleza vizuri, kwamba utepe umejikunja kama mchicha. Mvua hizi zilinisaidia kusema uongo.

Kanda haikulowa, Thadei. Ilifika kavu kabisa.

Niliipeleka kwa Swalehe tukaitazama wawili, kule nyuma kwenye karakana yake. Ni kama ulivyosema. Mzee Saa anavunja sheria yake mwenyewe. Anarudisha saa nyuma, gari linashuka kwenye barafu ile ile dakika moja kabla, Mama Kinu anasimama mbele ya ile risasi, inadunda kwenye kifua chake kama punje ya mahindi. Kisha mlango wa gari unafunguka, na Mdaka Risasi anaingia. Anainama upande wa kushoto. Wenzake wanamrukia, wanacheka, wanakula. Kumbe hakuwa amekufa. Kumbe ilikuwa ni kumtafuta tu vizuri.

Swalehe alizima, akaniambia, dada Lidwina, hii mama asiione. Nikamwambia naam. Maana ukimwonyesha mama kwamba wanaorudi wapo, nani atamnyoa mara ya pili? Atalitoa komeo, ataninyang'anya karatasi ya Novemba, na safari hii hatafika mwisho wa kungoja. Ana miaka sabini. Nilidhani huo ndio mzigo wangu wote, kuificha. Nikasema nitaitupa chooni.

Sikuitupa. Hapa ndipo ninapokuungamia wewe kwa sababu Padre nimeshindwa. Nilikwenda mpaka mlango wa choo nayo ndani ya khanga, nikarudi. Nikasema nitaichoma, nikaipitisha juu ya moto, nikasikia kama nachoma mtu. Sasa iko chini ya mahindi ya mbegu, ndani ya debe. Na kila Ijumaa, Swalehe anapokwenda msikitini kuswali, ananiachia ufunguo wa karakana. Hajawahi kuniuliza. Ananiambia tu, dada, usiguse waya mwekundu. Naweka kanda. Naipeleka mbele mpaka pale mlango unapofunguka. Anaingia, anainama. Narudisha. Anaingia, anainama. Ijumaa iliyopita nilijisikia nasema kwa sauti, “Karibu, Otto, mbona umekonda,” na mtu mzima mimi, mwenyekiti wa jumuiya, nimepiga magoti kwenye sakafu ya mafuta.

Miaka yote nilijifanya ndiye mwenye akili. Nilikuwa nikimwonea mama huruma, nikimsema kwa Beda. Kumbe yeye alikuwa amebeba kungoja kwa wote wawili, na alipoutua mzigo huo mimi nikauokota. Ekaristi sijapokea tangu Krismasi. Wenzangu wakiinuka mimi nabaki kwenye benchi, najifanya natafuta wimbo kitabuni. Nikiungama, Padre ataniambia niache, na mimi siwezi kumwahidi Mungu kitu ambacho Ijumaa nitakivunja. Mama ameanza kuniangalia. Jumapili ya leo tulipotoka kanisani alinishika kiwiko, akaniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni mgongo. Akasema mgongo ni wa Beda.

Kwa hiyo nakuomba, hiyo nyingine usije nayo. Iache huko, iuze, mpe mtu wa mbali. Na ukifika, kabla ya kula, twende wote mpaka kwenye debe nikukabidhi hii yangu, uondoke nayo. Nikikuomba nifikirie kidogo, usinisikilize. Nikilia, usinisikilize. Nimejaribu kwa rozari, nimejaribu kwa kufunga, mkono wangu unakataa.

Nimalize, taa inaishiwa mafuta na umeme leo si zamu yetu. Beda anakusalimu, anasema ukumbuke ile dawa ya mgongo ya kupaka. Swalehe anasema Wangoni mkiwa Dar mnajifanya warefu. Mzee Pankrasi anauliza kama kweli hujui wale watu waliishia wapi, mwambie hujui. Wifi Dorine mpe salamu zangu za mikono miwili, mtoto mbusu.

Mama amekaa hapa mlangoni anapepeta mchele, anasema nikuandikie maneno yake kama yalivyo: anakungoja Pasaka, umletee sukari na khanga isiyo na maneno mengi, na kwa kuwa mabasi siku hizi yanaingia usiku, ukifika ubishe hodi kwa nguvu, maana mlango wetu sasa unafungwa.

Nimeyaandika kama alivyosema. Lakini wewe usibishe, mdogo wangu, usimwamshe. Komeo mama anatia mwenyewe jioni, akishalala mimi naamka nalitoa. Sukuma tu.

Ni mimi dada yako akupendaye katika Kristu,
Lidwina