Tisini na Moja ya Baba

3 Novemba

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, ila mgongo. Tuko arobaini ukumbini, tunasahihisha mitihani ya kumaliza msingi kwenye viti vya mbao. Magoti yako je? Mafuta ya kuchua hayajaisha?

Baba, nina kinyaa. Swali la kumi na nne: andika namba tasa zilizo kati ya 90 na 100. Mwongozo wa majibu, uliouandaa wewe, unasema 91 na 97. Tisini na moja si tasa, saba inaigawa vizuri tu, inatoka kumi na tatu. Mtoto aliyeandika 97 peke yake ndiye aliyepata, nami namwekea kosa kwa wino mwekundu. Ni alama mbili, na kuna watakaokosa nafasi ya kuendelea kwa alama mbili hizo. Mkuu wetu anasema mwongozo wa Mwalimu Mkongwe haubishiwi. Mwandikie wewe. Tunafunga tarehe 18.

Kitindamimba wako

6 Novemba

Marahaba, mwanangu.

Magoti yananitabiria mvua kuliko redio. Mafuta yapo.

Siku hizi yai linamfundisha kuku. Miaka thelathini na nane nimefundisha: jaribu kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, ikikataa zote, ni tasa, funga daftari. Na namba hiyo naijua vizuri. Jumlisha moja mpaka kumi na tatu, unaipata. Jumlisha mraba wa moja mpaka mraba wa sita, unaipata tena. Namba yenye heshima zote hizo unaitafutia aibu ya nini? Simwandikii mtu.

Baba yako

8 Novemba

Baba, shikamoo.

Magoti leo siulizi. Leo nimeweka makosa sitini na mawili kwa watoto waliopata, chakula cha mchana kikanishinda. Sikujua nitakuja kumwonea baba yangu kinyaa, na nakuandikia ujue.

Jaribio lako liliishia kwa tano, saba hukuigusa. Kama huniamini, nenda bafuni kwako ukahesabu vigae alivyopanga Kaka.

Binti yako

17 Novemba

Mwanangu, marahaba.

Nimechelewa. Siku tatu nilikaa na hasira, siku zilizobaki nilikaa na aibu.

Nilihesabu. Safu saba, kila safu kumi na tatu, hakuna kigae kilichokatwa. Kaka yako alipomaliza kazi ile aliniita mlangoni akasema, "Baba, tasa yako hiyo, nimeipanga." Nikacheka, nikamlipa, nikaenda zangu.

Hukujua hili, ulikuwa mdogo. Mtihani wake wa mwisho niliusahihisha mimi, na swali hilihili lilikuwamo. Aliandika 97 peke yake, nikamwekea kosa, akakosa nafasi kwa alama mbili. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu mwanangu yule kichwa kilikuwa kizito, ndiyo maana akashika mwiko wa uashi. Nikikumbuka maneno hayo najitapikia.

Barua ya kumpa mkuu wenu imo humu, sijaifunga, isome kwanza. Nimeandika kosa ni langu, karatasi zote zipitiwe upya. Anaileta Kaka yako kwa pikipiki ili iwahi kesho.

Nimemwomba radhi palepale bafuni, nikiwa nimekaa chini kwenye vigae vyake. Akaniuliza kama nahitaji mkono wa kuinukia.

Baba yenu